Kibali cha Hilari

Alasiri moja, Anselm akiwa uani analainisha ubao wa mninga kwa randa, na mkewe Eustadia akichekecha unga wa mtama barazani, mtoto alianza kulia. Kilio kilitoka upande wa magharibi, kikapita juu ya mapaa ya nyasi ya mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, kikatulia hapo uani kwao. Kilikuwa kilio cha mtoto mchanga mwenye njaa, si cha mgonjwa. Eustadia aliweka chekeche chini. Kifua cha gauni lake kilikuwa kimelowa maziwa.

Jirani yao, Mama Veneranda, alichungulia juu ya ua wa mabua.

"Eustadia, mwanao analia."

"Nimemsikia, dada."

"Lakini analilia mbali."

"Yuko Itumbula."

Mama Veneranda aliguna kwa huruma, akarudi kwenye chungu chake cha maharage. Itumbula kulikuwa mbali, na tena kulikuwa kumefungwa.

Mtoto mwenyewe aliitwa Hilari. Alifariki kwa homa huko Itumbula, alfajiri ya siku ambayo kijiji kizima kilihamishwa. Ulikuwa mwaka uliofuata ule wa nzige. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeamuru watu wote wa pori lile watoke kwa sababu ya malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na nzi aitwaye ndorobo. Watu wakapelekwa kwenye kambi kubwa upande wa Urambo, kila nyumba ikakatiwa kipande cha shamba kando ya barabara, na nyuma yao nchi ikafungwa. Aliyerudi kurina asali alifungwa jela. Askari waliosimamia safari hiyo walikuwa waungwana kiasi: walimngoja Eustadia afukie kaburi. Hawakungoja matanga.

Anselm hakuwapo. Wakati huo alikuwa Tabora, akiwatengenezea mapadre mabenchi ya kanisa. Habari za kuzaliwa kwa mwanawe na habari za kufa kwake zilimfikia kwa mdomo wa msafiri mmoja, katika pumzi moja. Tangu hapo hakuwahi kuuliza lolote juu ya Hilari, na Eustadia alidhani hiyo ndiyo namna ya wanaume kulia.

Sasa alikuwa amekuja mjini kukaa na mumewe. Mtu wa kambi hakuruhusiwa kuishi mjini bila kibali cha Ofisi ya Makazi. Eustadia alikuwa amepeleka ombi wakati wa mavuno, na kila alipokwenda kuuliza alijibiwa kwamba linashughulikiwa. Wakati ombi likishughulikiwa angeweza kukaa kwa mumewe. Ila asikanyage nchi iliyofungwa. Akikanyaga, ombi limekufa na yeye anarudishwa kambini.

Hilari alilia siku hiyo, akalia na kesho yake. Mtaa ukazoea. Wanawake wenye watoto wadogo waliwanyonyesha wa kwao kilio kilipoanza, kwa sababu watoto walikuwa wakiitikiana. Anselm alichukua kazi ya kuchonga milango ya ghala la karanga, kazi ya nyundo, yenye kelele. Haikusaidia kitu. Kilio kilikuja kati ya pigo na pigo.

Jumatatu Eustadia alikwenda ofisini na kitambaa kimekunjwa kifuani. Karani aliitwa Bernardo, kijana mtaratibu mwenye miwani, ambaye walisali naye kanisa moja. Wakati wakiamkiana maziwa yalipenya kitambaa.

"Mama, una mtoto anayenyonya?" Bernardo aliuliza.

"Ninaye."

"Kwenye ombi hukumtaja."

"Alikufa."

"Pole sana. Yuko wapi?"

"Itumbula."

Bernardo alivua miwani akaifuta kwa pindo la shati. "Itumbula hakuruhusiwi mtu."

"Ndiyo, mwanangu. Hata mimi najua."

"Na ombi la mama mwenye mtoto mchanga haliamuliwi mpaka mtoto aonekane. Hilo ni agizo la tangu zamani, sikulitunga mimi."

"Nikimfuata, ombi si linakufa?"

"Linakufa."

"Basi nani amlete?"

Bernardo alifikiri kwa moyo mweupe kabisa. Alimpenda yule mama. "Hilo," alisema, "halikuagizwa."

Jioni ile Eustadia alimpakulia mumewe ugali, akakaa naye hadi alipomaliza kunawa.

"Nakwenda," alisema.

Anselm alitazama vidole vyake vilivyojaa makovu ya patasi. "Watakurudisha kambini."

"Huenda. Na nisipokwenda, utaendelea kugonga milango mpaka lini?"

Walikaa hivyo mpaka moto wa jikoni ukawa majivu. Ndipo Anselm alipouliza, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeomba maji kwenye nyumba ya ugenini:

"Alifanana na nani?"

Eustadia alimtazama. Miaka yote ile alikuwa amelibeba jibu la swali hilo, na sasa lilipotakiwa hakuliona. "Sikumbuki vizuri," alisema, na uso wake ukasawijika. "Paji lilikuwa lako. Mengine sikumbuki."

Asubuhi alifunga michembe ya viazi vilivyokaushwa na unga kidogo wa mtama kwenye khanga, akapanda gari moshi la Kigoma, akashuka Kaliua. Kutoka pale aliifuata njia ya zamani ya misafara, ile ambayo babu zake walipitia wakibeba pembe kabla reli haijalazwa. Majani yalikuwa yameifunika karibu yote, lakini nyayo za watu wengi hazifutiki ardhini upesi.

Palipoanzia nchi iliyofungwa kulikuwa na mti umelazwa kukatiza njia, na kibanda. Mlinzi wa kibanda aliitwa Shilinde, mtu wa Choma, mwenye wavu wa kukamatia nzi. Kazi yake ilikuwa kumzuia kila anayeingia bila pasi, na kumkagua kila anayetoka, asije akatoka na ndorobo mgongoni. Eustadia alijificha kwenye kichaka, hajui la kufanya, mpaka alipousikia msafara.

Walikuwa wapagazi, safu ndefu, wenye mabega yaliyoota sugu. Walibeba majora ya vitambaa na shanga. Walikuwa wamefia njiani zamani za Waarabu, huyu kwa ndui na yule kwa kiu, na kwa kuwa mizigo ilikuwa bado haijafika, waliendelea kuipeleka. Amri ya kufunga nchi haikuwafikia. Shilinde alikuwa amewaandikia wakubwa wake juu yao pale mwanzoni, asijibiwe, basi akawa anauinua tu ule mti wakipita.

Kirangozi, yaani kiongozi wa msafara, alisimama mbele ya kichaka cha Eustadia. Alikuwa mzee mwenye manyoya ya ndege kichwani.

"Mwangaluka, mayo," alimsalimu mama huyo kwa lugha ya kwao.

"Mwangaluka, baba."

"Unatoka mjini? Bwana wetu bado anatungoja Ujiji?"

Eustadia hakutaka kumdanganya mtu mwenye mzigo. "Sijui, baba. Sikumsikia akitajwa."

Mzee alitikisa kichwa kama aliyepata jibu lile lile kwa wengi. Kisha akawaambia walio nyuma yake waache nafasi. Eustadia alijitwika khanga yake kichwani, akaingia katikati ya safu, akapita. Shilinde aliinua mti huku akitazama mawingu. Mbele, njia ilipogawanyika, wapagazi walishika ya Ujiji na yeye akashika ya Itumbula.

Kijiji kilikuwa kimemezwa na miombo. Mapaa yalikuwa yameanguka, na ndani ya nyumba ya baba mkwe wake ulisimama mti mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Lakini viwanja vilikuwa vimefagiwa. Wafu wa Itumbula walikuwa kwenye kazi zao, kwa sababu amri ya kuhama ilitaja walio hai tu. Mmoja alikuwa akitengeneza mzinga. Wengine walimsalimu Eustadia, wakauliza hali ya mvua kambini.

Mama mkwe wake, Marcelina, alikuwa ameketi mahali palipokuwa kizingiti. Alikuwa ametangulia kufa kabla ya mjukuu wake, na ndiye aliyemlea tangu siku ile. Hilari alikuwa amelazwa mapajani mwake, amechoka kulia, anahema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umechelewa."

"Nilikuwa nangoja kibali."

"Nilikuwa nambembeleza. Hakuwa msumbufu. Ila mwaka huu mikono imeanza kuniisha."

Akaionyesha. Viganja vyake havikuwapo tena, na sehemu iliyobaki ya mikono ilikuwa nyembamba na kuukuu, kama kitambaa kilichofuliwa mno. Ndivyo inavyowapata wafu wasiopaliliwa makaburi. Wengine pale kijijini walikuwa wamekwisha isha mpaka mabegani, na wawili watatu walikuwa sauti tu.

Eustadia alimchukua mtoto akampa ziwa. Hilari alikuwa baridi kama mtungi wa maji, na mwepesi kupita kiasi, lakini alinyonya kwa nguvu. Hapo mama yake alimtazama uso mzima, taratibu, akakumbuka kila kitu alichokuwa amesahau. Alilia bila sauti ili asimkatize.

Mtoto aliposhiba, Eustadia alimfunga mgongoni akaliendea kaburi la Marcelina. Alilipalilia kwa mikono, akakoroga unga wa mtama kidogo na maji, akamimina. Alikuwa Mkristo wa komunyo, na hakuona kwamba Mungu angegombana naye juu ya unga kiasi kile. Aliporudi, Marcelina alikuwa na vidole vitatu kwenye mkono wa kulia, akivikunja na kuvikunjua.

"Twende wote, mama," Eustadia alisema. "Anselm atafurahi."

"Hilo ombi lako linanitaja?"

Eustadia alikaza fundo la mbeleko.

"Basi nitabaki," Marcelina alisema bila kinyongo. "Mwambie mwanangu nyumba yake naifagia. Mwambie na makaburi haya aje ayapalilie yeye, siku wakifungua."

"Nitamwambia."

"Unadhani watafungua?"

"Wanasema watafungua, mama."

"Haya. Nenda kabla jua halijawa kali, mtoto asiungue."

Kibandani, wakati wa kutoka, hakukuwa na msafara wa kujificha ndani yake. Eustadia alitembea katikati ya njia hadi kwenye mti uliolazwa, akasimama. Shilinde alitoka na wavu wake. Aliupitisha juu ya kichwa cha mtoto, akamkamata ndorobo mmoja kwenye mkunjo wa khanga, akamminya.

"Jina lake?"

"Hilari Anselm."

"Huyu nimemwona, amekaguliwa, hana nzi." Akaingia ndani, akatoka na pasi yenye jina la mtoto. "Wewe, dada, sikukuona ukiingia. Siwezi kumwona akitoka mtu ambaye sikumwona akiingia."

"Mungu akubariki, kaka."

"Ulimkuta huko mtu wetu mmoja, mrefu, kiwete kidogo, anayetengeneza mizinga?"

"Nilimkuta."

"Ana mikono?"

"Anayo bado."

Shilinde aliinua mti.

Anselm alikuwa akiranda alipomwona mkewe akiingia uani na mtoto mgongoni. Aliweka randa chini. Alikwenda mtungini akanawa mikono, akaona vumbi la mbao kwenye kucha, akanawa tena. Halafu akampokea mtoto, wa baridi na mwepesi, akamlaza kwenye mkono wake mmoja. Hilari alimtazama baba yake kama watoto wanavyotazama taa.

"Midomo ni ya mama yangu," Anselm alisema hatimaye. "Midomo ni ya mama kabisa." Na hapo akalia, kwa sauti, mbele ya Mama Veneranda na watu wote waliokuwa wamekuja kumwona mtoto, kilio cha miaka yote ile.

Wiki zilizofuata zilikuwa njema. Wanawake walileta uji wa mzazi. Padre alisema kwamba mtoto aliyebatizwa habatizwi tena, na ambaye yeye hakumzika hana haja ya kumfufua, basi wamlete tu Misa kama watoto wengine, wamfunike vizuri. Anselm alichonga kitanda kidogo kwa vipande vya mninga vilivyobaki kwenye milango. Usiku walilala watatu, na kitanda kikawa mahali pa kuwekea nepi.

Kisha wakaitwa Ofisi ya Makazi. Siku hiyo mzungu mkubwa wa ofisi alikuwapo, mtu mchovu aliyekuwa na homa, akiuliza kwa Kiingereza na Bernardo akifasiri. Alimtazama Hilari kwa muda. Akaitazama pasi. Kila kitu kilikuwa sawasawa: mtoto alikuwa ametoka kwenye nchi iliyofungwa kwa kupitia mahali panaporuhusiwa, amekaguliwa, hana nzi.

"Anauliza," Bernardo alisema, "mtoto mchanga hatembei. Nani alimbeba?"

Bernardo aliinama kana kwamba anaokota kalamu, akasema chini chini, haraka, "Mama, sema wapagazi walimleta. Wale wanapita kila siku, hakuna atakayewauliza."

"Nikisema hivyo, inakuwaje?"

"Wewe unapata kibali."

"Na yeye?"

Bernardo alikuwa mkweli, na ukweli huo ulimtesa. "Asiyejulikana aliyemleta anarudishwa alikotoka."

Anselm alimshika mkewe mkono. Hakumwambia aseme hivi wala vile. Eustadia aliona moyoni vidole vitatu vya Marcelina vikikunjwa na kukunjuliwa, akaona ni vichache mno kumshika mtoto.

"Mimi ndiye niliyembeba," alisema. "Nilikwenda kwa miguu yangu."

Mzungu alisikiliza tafsiri, akashusha pumzi, akapiga mihuri miwili. Hakuwa mtu mbaya. Alimwambia Bernardo aeleze kwamba Hilari hakuvunja sharti lolote, na kwa kuwa baba yake ni mkazi halali, anaruhusiwa kuishi mjini Tabora bila kikomo. Mama yake arudi kambini. Ombi jipya lingeweza kupokelewa baada ya miaka kadhaa.

"Nimchukue niende naye kambini," Eustadia alisema.

"Kambini hayumo kwenye hesabu, mama. Kijiji kilipohamishwa alikuwa amekufa. Akitoka Tabora, kibali chake kinaanguka." Bernardo alishindwa kumalizia, lakini wote watatu walijua kinaangukia wapi.

Lori la kambi liliondoka asubuhi ya Jumamosi kutoka sokoni. Eustadia alimnyonyesha Hilari mpaka dereva alipowasha injini, akamnyonyesha tena injini ikiwa inawaka, na Mama Veneranda alipokuja kumpokea mtoto ilibidi aombe mara ya pili. Anselm alikuwa amepanga kusema mengi. Alisema, "Usikae upande wa vumbi." Naye Eustadia akahamia upande mwingine.

Mtu akizoea, huzoea. Kambini Eustadia alipata shamba lile lile, mihogo ikiwa imeingiwa na magugu. Mama Veneranda, aliyekuwa akimnyonyesha mjukuu wa dada yake aliyefiwa na mama, alimwekea Hilari ziwa moja, na watu wa Ng'ambo wakasema kwamba mtoto wa Anselm hana tabu. Anselm aliomba ruhusa ya kuhamia kambini, akaambiwa kwamba kambi ni ya watu waliotoka kwenye nchi ya malale, na yeye alikuwa mtu wa mji. Wafu wa Itumbula, kwa habari zilizoletwa na wapagazi, walizidi kuisha, na nchi iliendelea kufungwa.

Mwanzoni mwa kiangazi alipita kambini Masele, mfanyabiashara wa ng'ombe kutoka Ziba, ambaye mara kwa mara alilala kwa Anselm akiwa na mifugo ya kuuza Tabora. Alimkuta Eustadia shambani, anachimba mihogo.

"Nina salamu zako kutoka Tabora," Masele alisema baada ya kuamkiana. "Mumeo anasema mtoto ameanza kukua. Padre mwenyewe ameshangaa kidogo. Anasema ni kwa sababu ya kibali, sasa ana mahali pa kukulia. Anakaa mwenyewe, hategemezwi. Na ameota jino."

Eustadia alisimama wima, jembe mkononi. Alikuwa ametapakaa udongo mpaka kwenye viwiko.

"Jino la juu au la chini?"

Swali lilikuwa la haki. Kila mama wa nchi ile angeuliza hivyo, kwani mtoto anayeanza na jino la juu ni kigego, na kigego hutazamwa vibaya, na mama yake huwa na mambo ya kumfanyia mapema kabla watu hawajaona.

Masele alikuwa mtu mwema, aliyebeba salamu za watu wengi.

"Samahani, mama," alisema. "Sikuuliza."

"Utapita tena lini?"

"Baada ya mavuno, Mungu akipenda."

"Haya," Eustadia alisema. Alimchagulia mihogo mizuri ya njiani, akaifuta udongo mmoja mmoja kwa khanga yake, akampa. Kisha akamwomba, akifika Tabora, amwangalie mtoto mdomoni.